Nyumba Tatu, Msingi Mmoja

Zaandam, Mei 12

Nimekata shauri: ukuta wa jikoni unabomolewa. Tangu nilipoinunua nyumba hii nimekuwa nikipika nimeutazama kama mtoto aliyewekwa kona. Leo fundi amekuja, akaugongagonga kwa ngumi, akatikisa kichwa.

"Huu siugusi, mama, mpaka mhandisi wa majengo auone."

"Ni matofali tu."

"Matofali, ndiyo. Na juu ya matofali kuna nini? Kitanda chako. Juu ya kitanda, paa. Nikiutoa bila mhandisi kupiga hesabu ya boriti ya kupokea mzigo, utalala ghorofani uamkie jikoni."

Tumecheka. Mhandisi atakuja Ijumaa.

Mei 18

Mhandisi ni mwanamke, Femke Wiarda, Mfrisia mrefu wa kaskazini asiyependa maneno mengi. Ukuta wa jikoni hakuutazama hata dakika. Aliniuliza, "Milango yako inafungika?"

"Wa chooni unafungika ukiupiga teke."

"Tangu lini unaupiga teke?"

Sikukumbuka. Mtu huzoea. Akapanda juu, akasogeza kabati langu la nguo, na nyuma yake ukatokea ule ufa ambao mimi huupaka rangi kila ukirudi. Akaingiza sarafu, ikaingia yote. Nyufa nyembamba za plasta, alisema, ni mikunjo ya uso, kila nyumba inazo na hakuna haja ya kumwita mtu. Lakini ufa unaopanda kama ngazi ukifuata maungio ya matofali, mpana juu na mwembamba chini, tena unarudi kila ukizibwa, huo si uzee. Hiyo ni nyumba iliyo safarini. Akaweka pima maji kwenye kingo ya dirisha, na kiputo kikakimbilia upande wa jirani yangu Orhan kikakaa hukohuko. Maana yake upande wa jirani wa pili, Mwalimu Bakkum, unashuka.

Akatoka, akavuka mfereji, akasimama ng'ambo akizitazama nyumba zetu tatu kwa muda mrefu. Nami nikaenda kusimama kando yake, na kwa mara ya kwanza nikaona. Tumeegemeana kama walevi watatu wanaorudi kwao.

Tumesimama juu ya tope, na ndani ya tope kuna nguzo za mbao zilizokitwa zamani. Mbao ikilala ndani ya maji haiozi. Maji ya ardhini yakishuka, kichwa cha nguzo kikapata hewa, kinaanza kulika. Hilo kila mtu wa hapa analijua, kama kila mtu anavyojua kwamba atakufa.

"Siwezi kusema kitu mpaka nione nguzo," alisema Wiarda. "Tuchimbe shimo mahali panaposhuka zaidi. Chumba cha mbele cha jirani yako. Na tufanye kabla ya kiangazi kukausha ardhi."

"Na mimi nikitengeneza kwangu tu?"

"Kwako kutasimama, kwake kutaendelea kushuka, na ukuta wa kati utachanika kama suruali. Nyumba ni tatu, msingi ni mmoja. Mtakubaliana wote au hakuna kitu."

Basi hesabu ya ukuta wa jikoni haikufanywa.

Mei 20

Tumekwenda kwa Mwalimu, mimi na Orhan. Mtaa mzima unamwita Mwalimu ingawa alistaafu ualimu mkuu zamani, na ukizungumza naye unajikuta umeuchomoa mkono mfukoni. Alifungua mlango kiasi cha kupitisha pua.

"Habari za Bi Trijn?" nikamuulizia mkewe.

"Ana mafua."

"Mafua ya tangu Pasaka?" akadakia Orhan, akitabasamu. Orhan ni fundi wa magari, hutabasamu hata akikuambia injini yako imekufa.

"Mafua hayafuati kalenda yako, kijana."

Nikamweleza habari za mhandisi, za nguzo, za shimo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hapana."

"Mwalimu, ni shimo tu. Watalifukia."

"Hakuna atakayechimba chumba changu cha mbele. Nyumba hii ilinikuta na itaniacha. Mchana mwema."

Orhan akautazama mlango uliofungwa. "Dada Nel," akasema, "huyu mzee angekuwa gari ningemuuza vipuri."

Mei 29

Joto. Zamu ya asubuhi kiwandani. Harufu ya kakao imelala juu ya mji wote, hakuna upepo wa kuiondoa.

Juni 7

Wiarda amebandika vipande vyembamba vya kioo juu ya nyufa, viwili kwangu, viwili kwa Orhan. Kioo hakivutiki; ukuta ukisogea unywele mmoja kinavunjika. "Kikivunjika nipigie, saa yoyote." Kwa Mwalimu hakufunguliwa.

Juni 17

Kombe la Dunia limeanza, Uholanzi hatumo na Uturuki hawamo. Orhan na mimi tumekaa uani kwake tukiwatazama Wajerumani wakifungwa. Siku nzuri pekee mwezi huu.

Juni 23

Kioo cha juu kimevunjika.

Julai 1

Nimetoka kugombana njiani mbele ya watu, umri wangu huu.

Kioo cha chumba cha watoto wa Orhan kilivunjika jana. Leo Mwalimu alipotoka na kikapu cha sokoni, Orhan alimzuia njia. Safari hii hakutabasamu.

"Nina mabinti wawili wanalala chini ya ukuta huo! Unasubiri nini, baba? Uwaone wametolewa kwenye vifusi?"

"Punguza sauti. Trijn amelala."

"Kila siku amelala! Saa nne asubuhi amelala!"

Nami, badala ya kuwaamua, nikatia kuni. Nilimwambia kwamba ni mbinafsi, kwamba amezoea kuwaamrisha watoto na sasa anafikiri sote ni darasa lake, kwamba atatuzika sote kwa ukaidi wake. Alisimama na kikapu chake, ndani mna stroberi na mkate mweupe. Uso haukubadilika.

"Umemaliza, Nel?"

"Nimemaliza."

Akaenda kwake. Mlango ulimgomea, ilibidi ausukume kwa bega mara mbili. Nimefurahi kuona hivyo. Ninaandika hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi.

Julai 5

Hakuna mvua. Serikali imetukataza kumwagilia bustani mchana. Bata wanatembea kwa miguu mahali walipokuwa wakiogelea.

Julai 8, Jumapili

Niandike kabla sijalala.

Baada ya kanisa niliingia kwenye kabati la chini ya ngazi kutafuta feni. Huko ndani ufa umekuwa tundu. Nilihisi hewa ya nyumba ya pili ikinipuliza shingoni, ina harufu ya dawa na sabuni. Kisha nikasikia sauti, karibu kama niko nao chumbani.

"Walikuja tena?" Alikuwa Bi Trijn, lakini sauti imekuwa nyembamba kama uzi.

"Walikuja, wakaenda."

"Nel alikasirika sana?"

"Nel ana mdomo tu. Fungua kinywa. Moja tu. Nimeiponda, ina sukari."

Kijiko kikagonga bakuli.

"Siwezi, Aris."

"Basi. Tutajaribu baadaye."

"Nitakufa tu, mpenzi. Popote nitakapokuwa, nitakufa."

"Hapa," alisema Mwalimu. Sikuijua sauti ile. Si ya mtu ninayemjua. "Utakufa hapa, kitandani kwako, mfereji unauona. Nilikuahidi."

Nikatoka kabatini kwa magoti. Zile stroberi zilikuwa zake yeye. Nilikaa sakafuni hadi jua likahama dirisha, na feni sikuitafuta tena.

Julai 9

Nimepika supu ya vitonge vya nyama, nikaenda. Alipofungua mlango kiasi chake kile, nikasema moja kwa moja, "Mwalimu, kuna tundu kwenye kabati langu. Nimesikia."

Nilidhani atafunga. Alisimama tu. Kisha akarudi nyuma hatua moja, na mlango ukabaki wazi.

Kitanda cha hospitali kiko katikati ya chumba cha mbele, kimegeuzwa kuelekea dirishani. Palepale ambapo Wiarda anataka kuchimba. Bi Trijn, aliyekuwa akibeba magunia ya viazi mabegani akinicheka mimi na kitoroli changu, amekuwa kiasi cha mtoto. Macho ni yale yale.

"Nel! Umenenepa."

"Na wewe umekonda, Bi Trijn."

"Hapo ndipo ulipoenda mwili wangu. Nirudishie nusu."

Tulicheka, na kicheko kikamletea maumivu, Mwalimu akapeleka supu jikoni ili asione. Alipotoka, Bi Trijn akanishika mkono.

"Nyumba inashuka, sivyo?"

Nikaanza kunyoosha shuka lake.

"Usihangaike. Aris anafikiri sijui imefika wapi. Glasi yangu ya maji inaniambia. Itazame. Maji yamekaa sawa, glasi ndiyo imeinama. Kila wiki imeinama zaidi." Alipumzika kidogo. "Nisikilize. Watu wanamlaumu Aris. Si yeye. Ni mimi ninayetaka kufia hapa, ni tamaa yangu mimi. Waambie. Na umwombe huyo mhandisi anisubiri. Sitachukua muda mrefu."

"Bi Trijn..."

"Sitachukua muda mrefu, Nel. Sijawahi kuwa mtu wa kuchelewesha wenzangu."

Nimemwahidi. Nimerudi nyumbani nikakumbuka kwamba nimeahidi pia nyumba ya Orhan, ambayo si yangu.

Julai 10

Nilimkuta Orhan chini ya gari. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yeye akiwa chini, naona viatu vyake tu. Viatu vilitulia kabisa. Alipotoka, uso ulikuwa na grisi na hasira.

"Kwa nini hakusema? Nimemfokea mzee wa watu njiani, mkewe anakufa ndani! Mbona hakusema?"

"Sijui, Orhan."

"Na mimi nifanye nini sasa? Dada Nel, nina watoto."

"Najua."

Alipiga tairi teke, akatembea hadi mwisho wa uchochoro, akarudi. Baba yake, alisema, alifia hospitalini kwenye korido, akiwa amemtazama mtu wa usafi. "Mke wangu na watoto watakwenda kwa dada yake. Mimi nitalala hapa niangalie. Lakini mwambie huyo mhandisi wako afanye kitu. Kusubiri tu, sikubali."

Julai 12

Wiarda alinisikiliza mezani kwangu, kalamu mkononi, bila kuandika chochote.

"Ukiniuliza kama nyumba itaanguka usiku mmoja, jibu ni hapana. Nyumba za namna hii hutoa taarifa. Ghorofa ya juu ya Bakkum ifungwe. Gesi ikatwe, bomba likikatika ndilo litakalowaua kabla ya ukuta. Nitakuja kupima kila baada ya siku chache." Kisha akanitazama. "Lakini ujue unachokiomba. Ardhi inakauka. Kila wiki mnayompa yule mama, mnailipia kwa ukuta wa kati. Nikianza sasa, naweza kuukinga. Nikisubiri, sikuahidi."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi ni mhandisi. Kazi yangu ni kukuambia nyumba itafanya nini. Wewe utafanya nini, hilo halimo kwenye hesabu zangu."

Nikamwambia tusubiri.

Julai 19

Nimekaa na Bi Trijn ili Mwalimu alale. Hakulala. Alikaa jikoni na kiatu kimoja mkononi, anakitazama.

Julai 26

Nyuzi thelathini na saba. Mfereji unanuka. Tumemfuta Bi Trijn kwa taulo baridi, mimi na muuguzi. Anazungumza kidogo sana. Wiarda amepima, hakusema tarakimu.

Agosti 3

Ilikuwa mchana, nimetoka zamu, naosha mikono. Kwanza ilikuja sauti kama mtu aliyealisha vidole vyake vyote kwa pamoja, kisha mshindo mmoja mzito kutoka chini, si mkubwa, lakini niliusikia ndani ya meno. Vikombe vilitembea rafuni. Plasta ya ukuta wa kati ikashuka yote kama shuka, na nikaiona nyumba ya Mwalimu. Niliona ukuta wake wenye karatasi ya maua na saa yake ya ukutani kupitia mwanya unaopitisha mkono.

Nilikimbia nje. Orhan alikuwa amefika tayari, anausukuma mlango wa Mwalimu. Haukutikisika, fremu ilikuwa imeubana kama jino. Ndani Mwalimu alikuwa akiita, "Tuko wazima! Tuko wazima!" na kila alipoita sauti ilizidi kupanda. Orhan alivunja kioo cha dirisha la pembeni, nami nikampigia Wiarda; alipofika, Orhan akamwinua apite na buti zake, nasi tukafuata. Kona ya mbele ya nyumba imedidimia kiasi cha kiganja. Nguzo moja, labda mbili, zimepondeka vichwa.

Alituamuru sote tutoke. Mwalimu alikataa.

"Bwana Bakkum, siombi."

"Nimekusikia, mama. Nami siombi. Mwondoe huyu kitandani na utamuua barabarani. Muulize muuguzi."

Muuguzi alikuwa amefika, akainamisha kichwa.

Wiarda alituambia tusubiri nje ya chumba, Mwalimu naye. Alibaki na Bi Trijn peke yake, mlango wa chumba umerudishwa. Sijui walizungumza nini, na sikumuuliza. Alipotoka alikuwa amekunja uso wote kama mtu anayetazama jua, akampigia simu mtu wa mbao.

"Nitajenga nyumba ndani ya nyumba," alisema. "Juu ya kitanda chake. Jina langu ndilo litakalokuwa chini ya mchoro."

Agosti 4

Wameleta mbao nene na majeki ya chuma kupitia dirishani. Wamesimamisha miguu sita kuzunguka kitanda, wakalaza boriti juu yake, wakakaza jeki hadi dari ikalia. Walifanya kazi bila kupaza sauti, wanaume wakubwa wale, wakipokezana misumari kama watu walio kanisani. Bi Trijn alifumbua macho akatazama juu.

"Aris," alisema, "umeninunulia kitanda cha malkia."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia mimi.

Ninalala kwa dada yangu sasa, huko Wormerveer, mji wa jirani. Kwangu naruhusiwa jikoni tu, mchana.

Agosti 11

Imenyesha. Kidogo, ya kulowesha vumbi. Bi Trijn amefariki kabla ya adhuhuri. Mwalimu alikuwa amemshika mguu, kwa sababu mkono ulikuwa unamuuma.

Agosti 16

Jeneza halikuweza kupita mlangoni. Mlango haufunguki tena. Orhan na shemeji yake waling'oa dirisha la mbele lote, fremu na kioo, wakaliegemeza kwenye uzio. Mwalimu alisimama ndani, mimi nje. Walimpitisha polepole kati ya miguu ya mbao, juu ya kingo, na sisi wa nje tukampokea. Orhan alishika upande wa kichwa. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake, imembana mabega.

Mwalimu naye akatoka kwa dirisha hilohilo, nimemshika kiwiko. Mzee mwenye tai nyeusi anayekanyaga bustani yake ya waridi. Alisimama, akajipangusa magoti, akanyoosha tai.

"Sasa," alimwambia Wiarda, aliyekuwa nyuma ya watu wote, "chumba ni chako."

Septemba 5

Wamechimba mahali kitanda kilipokuwa. Maji ya chini ni meusi na yananuka mayai. Wiarda aliingia shimoni na sindano nene ya chuma, akaiegemeza kwenye nguzo, akasukuma kwa mkono mmoja. Iliingia kama kwenye jibini laini. Ya pili na ya tatu hivyohivyo. Ya nne ilikataa, ngumu, nzima. Akaikwangua kidogo akanionyesha mbao nyekundu ndani, kama imekatwa jana.

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha jikoni kando ya shimo tangu walipoanza.

Septemba 19

Wiarda amekuja Wormerveer kunieleza mwenyewe, kwa mdomo.

Nyumba ya Orhan itapona. Watakata ukuta kati yake na mimi kwa msumeno, toka paa hadi chini, waiwekee nguzo mpya. Yangu na ya Mwalimu zinabomolewa. Ukuta wa kati ulikatika Agosti ile, na ndio uliokuwa umezibeba zote mbili.

Dada yangu alitoka akaenda kuchemsha maji. Nikauliza.

"Tungechimba Mei?"

Wiarda alizungusha kikombe chake. "Unataka nikujibu?"

"Nataka."

"Tungechimba Mei ningeingiza chuma chini ya ukuta wa kati kabla ya joto. Zingesimama, Nel. Zote tatu."

"Na Julai, niliposema tusubiri?"

"Julai labda. Mei, hakika."

Nilimshukuru. Alipoondoka nilienda kwenye chumba cha wageni, nikakaa kitandani, nikamchukia Aris Bakkum kwa moyo wangu wote, hadi chakula cha jioni.

Septemba 20

Na leo pia, nusu siku.

Oktoba 14

Mwalimu amepewa chumba kwenye nyumba ya wazee, ghorofa ya tatu, zege tupu. Nimemtembelea. Ameweka viti viwili na picha ya Bi Trijn akiwa kwenye barafu na viatu vya kutelezea, mdomo wazi. Alinipa kahawa na biskuti moja, akafunga mkebe, ndivyo wazee wa hapa walivyolelewa.

Tuliongea habari za Orhan, kwamba nguzo zake zimeanza kushindiliwa na mabinti wanazihesabu. Kisha akaweka kikombe chini. Akaviweka viganja vyake juu ya magoti.

"Nel, kuna jambo. Trijn alikuambia kwamba yeye ndiye aliyetaka kufia pale."

"Aliniambia."

"Ilikuwa uongo. Mlipokuja Mei na habari za shimo, alisikia kila kitu kutoka kitandani. Aliniambia, 'Aris, waache wachimbe. Nipeleke hospitali, niweke kwa dada yangu, sijali.' Alinisihi. Alilia. Mimi ndiye niliyekataa. Sikuweza kuona chumba kile bila yeye. Nikaliita hilo ahadi." Akausogeza mkebe wa biskuti pembeni. "Kisha akaona watu wananizomea, akajitwika yeye."

Nje mvua ilikuwa ikipiga kioo. Nilimwona Bi Trijn akinishika mkono, mifupa mitupu: si yeye, ni mimi. Hata pumzi ya kusema hakuwa nayo, na aliitumia kwa hilo.

"Nataka uniambie ukweli," Mwalimu alisema. "Mhandisi hataki kuniambia, ananizungusha. Wewe umezungumza naye. Kama ningekubali Mei, nyumba yako ingekuwepo?"

Sikuwahi kuona macho ya namna ile kwa mtu mzima. Nilifikiria ukuta wangu wa jikoni. Nilifikiria mwanya ule, na saa yake ya ukutani ikionekana, na kijiko kikigonga bakuli.

"Hapana," nikasema. "Nguzo zilikuwa zimekwisha kuoza zamani, Mwalimu. Tungechimba Mei tungejua mapema tu. Ingekuwa vilevile."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

Mabega yake yalishuka, kidogo kidogo, kama mtu anayetuliwa mzigo na hataki kuonyesha kwamba ulikuwa mzito. Kisha akafungua tena mkebe, akaniwekea biskuti ya pili.

Nilikaa hadi muuguzi alipoleta chakula. Niliposhuka mvua ilikuwa imekaza. Nilipanda baiskeli, kofia usoni, nikawa nawaza sijui nini, na kwenye daraja nikapinda kushoto kwa mazoea, nikaingia mtaa wetu. Uzio wa chuma wa wabomoaji ulikuwa umewekwa tayari. Nilikuwa nimeshatoa funguo.